Mkunja Mashuka wa Hospitali na Jibu la Binti Yake

Ndugu waombolezaji, haya ninayoyasoma nimeyashuhudia yote mwenyewe, mimi shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, hata kuzaliwa kwake tarehe 9 Mei 1968 nawasimulia kama niliyekuwepo, ingawa wenye wivu watasema mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye.

Alisoma shule ya msingi hadi 1982, akaishia darasa la saba kama mimi, ila yeye alifaulu hesabu, na tarehe 3 Februari 1988 akaajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alikunja mashuka pembe kwa pembe mpaka wauguzi wakamwita Rula. Tarehe 14 Agosti 1993 alimwoa dada yangu, nikamwonya, shemeji, huyu ana mdomo, akanijibu, basi ni ugonjwa wa ukoo wenu, na tarehe 2 Novemba 1996 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, binti, ambaye leo ni fundi simu.

Mwaka 2016 mashuka yake yalianza kwenda upogo, miguu ikayumba, vidole vikacheza bila ngoma, nasi tukasema ni pombe, na mimi ndiye niliyenusa kikombe chake mbele za watu, nikakuta chai, bado nikasema hiyo ni chai ya ujanja. Wenzake walikuwa wakiyakunja upya mashuka yake kimyakimya kabla msimamizi hajafika, hadi alipostaafishwa kwa ugonjwa tarehe 30 Juni 2017.

Daktari wa mishipa ya fahamu alitueleza kwamba protini hutengenezwa kama uzi, kisha hujikunja kwa umbo lake, ila kwa kosa alilorithi kwa baba yake, protini moja ya shemeji ilijikunja kombo, ikagandana na kurundikana ndani ya seli za ubongo mpaka zikafa, na kwamba mtoto naye ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi kosa hilo. Dawa ya kuponya haipo, ila watafiti wanaandikisha watu wa kujaribiwa sindano ya mgongoni inayopunguza protini hiyo, bila ahadi yoyote, na wanawataka waliorithi kabla hawajaanza kuyumba, na orodha inafungwa Jumatatu. Binti alishatoa damu ipimwe kama amerithi, jibu liko tayari, hajalifuata, wiki jana skrubu ilimponyoka akavikodolea macho vidole vyake asubuhi nzima, na mama yake alipomhimiza alisema, mama, nikishajua sitaweza kutojua tena.

Shemeji alifariki tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, kwa nimonia, nikiwa nimemshika mkono, na neno lake la mwisho lilikuwa, mwanangu, kachukue jibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomwinua kila alipoanguka, na wenzake wa chumba cha kufulia waliomfichia aibu ambayo haikuwa yake.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mpwa wangu ameinua macho ananitazama, na anajua, kwa kuwa alikuwepo pale kitandani. Baba yako hakutamka neno tangu Desemba, mama, lile la mwisho nimelitunga mimi jana, kwa woga wangu juu yako. Jumatatu ukienda, uende kwa neno lako, na mjomba atakusindikiza, atafunga mdomo.

Shemeji, sasa mwili umetulia, pumzika.