Mama Kipaza na Vitabu Visivyokuwa na Msiba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Kama una kazi mkononi, iendelee. Mama tunayemkumbuka leo asingekulaumu, maana yeye mwenyewe hakuwahi kusikiliza jambo lolote mikono ikiwa mitupu.

Tunamkumbuka Mama Kipaza. Ndiyo, yule yule wa kituo cha mabasi. Kwa miaka mingi, sauti iliyokuambia basi lako liko mlango upi na linaondoka saa ngapi ilikuwa yake. Alikaa kwenye kibanda cha vioo, juu ya ngazi za chuma, kipaza sauti mbele yake. Aliwaita abiria waliochelewa. Aliwarudisha kwa mama zao watoto waliopotea. Na makondakta aliwagombeza hadharani. "Kondakta mwenye shati la bluu, huyo bibi umemwacha na mizigo yake, nakuona." Kituo kizima kiligeuka kumtazama mwenye shati la bluu, na mizigo ya bibi ikapanda.

Sasa, watu walidhani nyumba ya mwanamke wa namna hiyo haikaliki. Kumbe wapi. Mama Kipaza akifika nyumbani alivua viatu, alikunywa chai yake, na maneno yakaishia hapo. Mumewe ni fundi wa majokofu. Mtaani wanamwita Fundi Baridi, na sisi tutamwita hivyo hivyo. Fundi Baridi anasema: "Watu walinionea huruma bure. Kelele zote alizimaliza kazini. Mimi nililetewa ukimya."

Mama Kipaza alipenda vitu viwili, wasikilizaji wapendwa. Alipenda kufuma na alipenda kusoma. Naye hakuona sababu ya kuvitenganisha. Kiti chake kilikuwa dirishani, kapu la nyuzi miguuni. Kitabu alikiweka wazi mezani, jalada amelibana kwa vibanio vya nguo, huku na huku. Macho yakasoma, mikono ikafuma. Kiti cha pili kilikuwa cha Fundi Baridi, na yeye hapo anafungua kifaa fulani cha jokofu, anakipuliza vumbi, anakifunga tena. Jioni nzima ingeweza kupita hawajasemezana neno, na wote wawili wakaenda kulala wameridhika.

Binti yao ni mwalimu wa chekechea. Tulipomuuliza habari za utoto wake alicheka kwanza. "Mama alikuwa haangalii mikono," alisema. "Kurasa anageuza kwa kiwiko. Kitabu kikimnogea, anasahau kupima, anafuma tu. Nina sweta langu la utotoni mikono yake inafika magotini. Hicho kilikuwa kitabu cha mapenzi."

Basi, kazi ilifika mwisho, Mama Kipaza akastaafu. Akasema sasa nitasoma hata asubuhi. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Alipata presha ya macho, ile inayokula nuru kidogo kidogo bila kupiga hodi. Alipoisikia, nusu ya nuru ilikuwa imeshakwenda, na daktari akamwambia iliyokwenda hairudi. Kufuma hakukumsumbua, vidole vilikuwa vinajua njia. Kilichoondoka ni kusoma.

Fundi Baridi aligundua kwa namna ya ajabu. Alimwona mkewe amekaa pale pale dirishani, kitabu wazi, vibanio mahali pake, sindano zinakwenda. Lakini kiwiko hakisogei. Ukurasa ni ule ule tangu chai iletwe. Mke alikuwa amekiweka kitabu mbele yake kwa mazoea tu, ili kiti kisionekane kigeni. Fundi Baridi anasema moyo ulimpasuka. Akaweka bisibisi chini, akavuta kiti, akakichukua kile kitabu.

Naomba mjue kitu, wasikilizaji wapendwa. Mzee huyu alikuwa hajawahi kusoma kitabu cha hadithi. Alikuwa anasoma vibandiko vya nyuma ya majokofu. Kwa hiyo alianza kama fundi anavyoanza, maelezo ya nje kwanza. Alisoma jina la mchapaji, anwani yake, simu yake, na onyo kwamba hairuhusiwi kunakili. Mkewe akasikiliza yote kwa heshima. Alipomaliza, mkewe akasema, "Ahsante, Fundi. Sasa hadithi."

Akasoma. Alisoma polepole, anakwama, anarudi nyuma, lakini akasoma. Ikawa desturi ya nyumba ile. Jioni ikiingia, fundi anasoma, mama anafuma.

Lakini kukaja tatizo. Katika kitabu kile mlikuwa na mama mmoja mgonjwa. Fundi Baridi akawa anaona sura baada ya sura hali inazidi kuwa mbaya. Siku moja macho yake yakakimbia mbele ya mdomo, akaona mistari miwili chini kwamba yule mama anakufa. Akakohoa. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amekonda siku hizo na haijajulikana kwa nini. Akasema: "Basi, yule mama akapata nafuu, akahamia kwa dada yake. Sura ya tisa."

Kuanzia hapo, katika nyumba ile, hakuna mtu aliyekufa kitabuni. Wazee walihamia kwa dada zao. Wagonjwa walihamia kwa dada zao. Tajiri mmoja alizama ziwani, naye akahamia kwa dada yake. Balaa lilikuja kwenye kitabu cha upelelezi. Mtu ameuawa ukurasa wa kwanza, na fundi wetu akasema ameteguka mguu. Polisi wa miji mitatu wakahangaika kitabu kizima kumtafuta aliyemtegua mwenzake mguu. Binti yao, aliyekuwa anaosha vyombo, alichungulia mlangoni akauliza, "Baba, kwani huyu hakufa?" Baba yake akamwambia, "Wewe osha sahani."

Na Mama Kipaza? Mama Kipaza alifuma tu.

Dada yake mdogo, shemeji wa fundi, ndiye aliyetufumbulia fumbo hili. Yeye ni mshonaji wa mapazia, na kwa maneno ameruzukiwa. Alisema: "Vitabu vile vyote dada alikuwa ameshavisoma. Vya kwake, kavinunua mwenyewe! Alijua nani anakufa na ukurasa gani. Nikamuuliza, kwa nini humwambii shemeji? Akanijibu, mwache, anasoma kwa huruma. Nikamwambia haya, ila ujue watu wote hao wamehamia kwangu, maana dada ndiye mimi."

Wasikilizaji wapendwa, tulicheka sana. Lakini kule kukonda kukapata jina. Madaktari walimweleza Mama Kipaza na mumewe, wakiwa wamekaa pamoja, kwamba ni saratani, imeshasambaa na haitatibika. Wote wawili walisikia. Wakarudi nyumbani, na mmoja wao akajifanya hakusikia.

Fundi Baridi alijikaza kisabuni. Mkewe akianza, "Nikiondoka...", yeye husema, "Chai imepoa, nikubadilishie." Akianza, "Fundi, tuzungumze," yeye husema mvua inakuja, akaanue nguo. Binti alilia jikoni peke yake kwa sababu mbele ya baba yake ilikuwa hairuhusiwi kulia. Shemeji hakuweza kuvumilia, akamwambia usoni: "Shemeji, mficha maradhi kifo humuumbua. Dada ana maneno yake, anataka kukuachia. Unataka aende nayo?" Fundi akamjibu kwamba dada yake atapona.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, wasikilizaji wapendwa. Watu wawili walioishi pamoja umri wote, kiti kwa kiti, walikuwa wanakaribia kuachana bila kuagana.

Basi jioni moja Mama Kipaza alikuwa kitandani, ameegemea mito, sindano mkononi. Fundi akamuuliza asome kipi. Mkewe akasema, "Kile cha kwanza. Chenye yule mama mgonjwa."

"Tulishakisoma."

"Hatujakisoma, Fundi. Yule mama hakuhamia kwa dada yake."

Fundi Baridi anasema masikio yalimwaka moto. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ile. Sikukukataza, ulinichekesha miezi mingi. Lakini leo soma yote. Usiruke."

Akasoma. Alisoma sura ya saba, akasoma ya nane. Alipokaribia mahali pale, akatafuta miwani wakati miwani iko puani. Mkewe akafanya jambo ambalo fundi hakuwahi kuliona. Akaziweka sindano chini, akamshika mkono. Fundi akasoma mistari miwili ile kama ilivyoandikwa. Akasoma kwamba yule mama alikufa. Kisha akaweka kitabu kifuani mwa mkewe, akalia kama mtoto.

Akamwambia, "Mke wangu, naogopa."

Mkewe akamwambia, "Na mimi naogopa. Nilikuwa naogopa peke yangu, ndicho kilichokuwa kinanichosha."

Ndipo wakazungumza. Walizungumza siku ile na siku zilizofuata, wale watu wa ukimya, mpaka binti akashangaa. Mama Kipaza akasema apewe nani nyuzi zake. Akasema mahali anapotaka kuzikwa. Akamwambia mumewe asiwe anakula mkate mkavu amesimama. Akamwambia akitaka kuoa aoe, ila asilete mwanamke msemaji, kuta za nyumba hii hazijazoea. Binti akaitwa, akalia mbele ya baba yake, na baba yake akalia naye. Siku ya mwisho walikuwa wote watatu chumbani, na hakuna aliyekuwa na neno lililobaki.

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Baridi alikuja hapa kwetu redioni mwenyewe kuleta tangazo. Alikuwa amevaa sweta la kijivu lililofumwa vizuri mno, mikono mirefu kupita kiasi, ameikunja. Mwenzetu wa matangazo alimpokea, akamsomea alivyoandika, kama tunavyoandika siku zote: kwamba mama yetu mpendwa ametutoka, ametangulia, amepumzika. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole, "Ahsante, binti yangu. Hayo maneno ni mazuri. Lakini andika amekufa. Mke wangu amekufa. Nilimwahidi kwamba siruki tena."

Basi tunasema kama alivyotuomba. Mama Kipaza amekufa. Kwa Fundi Baridi, kwa binti yake, kwa shemeji na ukoo wote, na kwa wafanyakazi wa kituo cha mabasi, poleni sana. Sisi hapa tunalia nanyi.

Nawe unayenisikiliza, huenda yupo mgonjwa katika nyumba yako, na huenda kila akianza kusema wewe unakwenda kubadilisha chai. Nitanyamaza sasa, nizime na muziki, ili hapo ulipo pawe kimya. Nenda ukakae naye.