Chonge za Agape Zinamuaga Nesi Yudith

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchungulia vinywa vya watoto wetu, Nesi Yudith Sifael anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Kliniki ya watoto katika zahanati yetu ya mlimani itaendelea, ila haitakuwa ileile, na tunasema hivyo kwa uchungu.

Alipopangiwa huku kutoka Same mjini, desturi ilikuwa hii: mtoto akiharisha na kupata homa, kisha ufizi ukaonyesha uvimbe mweupe, watu walisema ana meno ya plastiki. Mtoto alipelekwa kwa Bibi Raheli, mganga wetu wa kienyeji, ambaye aliyachokoa kwa spoku ya baiskeli iliyochomwa moto. Bibi alifanya kwa nia njema, na aliheshimika mno. Lakini alichokitoa kilikuwa chonge changa, na kuhara kuliendelea. Wengine walipona wakabaki na mapengo. Wengine tuliwazika.

Nesi alianza vibaya, na husimulia mwenyewe huku akicheka. Alimgombeza Bibi Raheli mbele ya watu, siku ya kupima uzito. Mwezi uliofuata mizani ilining'inia tupu. Akina mama walikuwa upande wa bibi yao. Yudith akajishusha, akapanda mlima na mkungu wa ndizi, akatoa shikamoo na kumwomba Bibi waketi pamoja kliniki kukagua fizi. Bibi akaja. Walibishana miaka mingi, wakawa marafiki bila kukubaliana.

Ndipo Agape, mjukuu wa Bibi mwenyewe, alipoanza kuharisha, ufizi umevimba. Majirani wakaleta spoku. Bibi akamfunga mtoto mgongoni, akateremka kwenye mvua hadi zahanati.

"Mwanangu, kwa huyu mkono wangu umekataa," alimwambia Yudith. "Mtibu wewe."

Nesi alimnywesha dawa ya kuhara kijiko kwa kijiko mpaka mtoto akakojoa, dalili kwamba maji yamerudi mwilini. Mkojo ule tuliushangilia kama goli la timu ya taifa. Miezi michache baadaye chonge zikatokeza zote nne, na Bibi akampitisha nyumba kwa nyumba, akimfunua mdomo kila mtu aone.

Tangu hapo hakuna spoku iliyochomwa tena kijijini. Siku za kliniki Bibi hukaa kwenye benchi akiwaambia akina mama kwamba uvimbe ule ni jino linakuja, na kutibu kuhara ni kazi ya Nesi. Wengine hupanda hata kutoka Makanya. Nesi naye hajui kupumzika: kwenye harusi ya mpwa wake alikagua fizi za mtoto wa watu kabla hajampongeza bibi harusi!

Mama yetu, asante. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na makande ya moto kila siku. Agape sasa yuko darasa la sita, na chonge za ukubwani zimetoka. Kwenye hafla ya kukuaga atamenya muwa mbele ya wageni wote, na kipande cha kwanza ni chako. Bibi Raheli ameagiza kisu kisiletwe.