Video ya Marehemu Tawakali

Kwenye Noah ya abiria iendayo Haydom, mjane Benedikta alikuwa akisali rozari, ila masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Kijana mmoja asiyefahamika alitaka kumrushia binti aliyeketi naye video ya marehemu baba wa binti huyo, Mzee Tawakali, ambayo kijana aliirekodi mnadani.

"Bonyeza kubali, dada Sada."

"Jina langu umelijuaje?"

"Simu yako imeliandika hapa kwenye kioo changu."

"Kumbe inanisengenya! Nikikubali si utachota na picha zangu?"

"Sichoti kitu. Nakupa bure."

"Vya bure ndivyo vina virusi, kaka."

"Si umesema huna hata sauti yake?"

Sada akainua kidole juu ya kioo cha simu.

Noah ikasimama Basotu. Kijana akainuka. "Nashuka. Unakubali?"

Kidole cha Sada kilibaki hewani. Benedikta, ambaye sauti ya mumewe haikubaki popote, akasahau amefika tendo gani la rozari.