Mapengo Mkononi

Basi la kutoka Dundori lilipoanza kuteremka kuelekea Nakuru, Wamaitha alishindwa kuvumilia. Alitoa picha ya eksrei ya mkono wa bintiye wa miaka mitatu, aliyelala mapajani mwake, akaiinua dirishani. Daktari wa mjini ndiye angeisoma, lakini macho ya mama hayangoji daktari. Kila kidole kilionekana kimekatika vipande.

"Ngai! Mkono wote umevunjika," alisema.

"Hapana, mama," alisema jirani yake wa kiti, Gathogo, mwenye bucha. "Hayo mapengo ni gegedu, ule mfupa laini wa kutafunika. Eksrei haiuonyeshi. Hata mguu wa mwanakondoo, mwisho wa mfupa unabanduka kama kifuniko. Kondoo mzee, lazima utumie msumeno."

"Mtoto wangu si kondoo, boss."

"Si kondoo. Lakini mfupa hukulia hapo hapo kwenye pengo."

Wamaitha aliangalia tena. "Na hapa kwa kifundo? Shuleni tulifunzwa vifupa ni vinane. Mimi naona vitatu."

"Vingine havijakuwa mfupa bado. Nadhani."

Ile "nadhani" ilimrudishia hofu yote. Basi likasimama stejini, naye akamwinua mtoto polepole.

"Wacha daktari aniambie mwenyewe."

"Ni sawa. Lakini nipigie uniambie pia," Gathogo alisema, akiandika nambari yake kwenye bahasha ya picha. "Miaka ishirini nakata mifupa michanga, na sijawahi kuona hata mmoja ukimaliza kukua."