Pembe Tatu za Turubai

Kijiwe chetu kiko Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, kwa Mulinge muuza kahawa. Leo turubai la kikundi cha wakulima limetandazwa mbele ya benchi. Pembe tatu kati ya nne hazina zile ringi za shaba. Zimebaki tundu zilizochanika. Zamu ni ya Ndila, afunike magunia yake ya ndengu kwenye pickup ya Kim, dereva wa soko, maana wingu limeshuka na mnunuzi wa Nairobi hataki ndengu iliyolowa. Wanaolichunguza ni Injinia, fundi wa bodaboda; Dokta, anayeuza dawa ya mbuzi; na Pasta, ambaye hana kanisa ila ana mdomo.

— Kwani hizi ringi huwa za nini? akauliza Dokta.

— Za upepo, akasema Injinia. Turubai lazima ipumue. Bila hizo inapasuka.

— Wacha zako! akadakia Dokta. Hiyo ni shaba, imewekwa ya kushika radi. Radi inapiga ringi, mzigo unabaki salama.

— Na dereva?

— Dereva ashuke.

Pasta akaweka kikombe chini.

— Nyinyi mmelala. Satelaiti inahesabu hizo ringi huko juu, ndio serikali ijue lori imebeba nini. Mimi moja niliitoa.

— Uliitoa?

— Nikaipigilia na msumari kwa paa ya choo. Haivuji tena.

Injinia akakohoa.

— Kusema ukweli, yangu iko kwa pikipiki ya kastoma. Washa za nati zilikuwa zimeisha.

Tukamgeukia Dokta.

— Yangu iko kwa kamba ya mbuzi. Lakini si nimewaachia moja? Mimi si mwizi.

Ndila akafika, kamba begani. Akageuza turubai, pembe moja baada ya nyingine.

— Wazee, sasa hii kamba napitisha wapi?

Pasta akanywa kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Mimi nilimhurumia Ndila. Hao wengine sikuwahurumia hata kidogo.

— Hii ndengu nimevuna na huu mgongo, akasema. Haya, pandeni.

— Tupande wapi, mama?

— Juu ya magunia. Kila mtu na pembe yake.

Pickup ikaondoka kuelekea Matuu, pembe moja imefungwa kwa kamba, nyingine tatu zimeshikwa na wazee watatu, kila mmoja kwa mikono miwili, na mvua ikaanza.