Simu ya Kipara ya Jumanne

Wasikilizaji wapendwa, leo niko peke yangu studio. Kipara amefariki. Mwenzangu wa kazi kwa miaka kumi na tisa alifariki Jumanne, saa nne na kitu asubuhi.

Alianza kama kinyozi. Siku moja alinogewa na kisa alichokuwa akisimulia, akampitishia bwana harusi mashine hadi ngozi. Ikabidi amalizie kichwa kizima. Aliyetoka na upara ni mteja, jina likamganda kinyozi! Akafukuzwa, akaja hapa, tukawa tunaandika vichekesho na kuviigiza pamoja.

Binti yake aliniambia jana, "Ba'mdogo, baba alitujaribia vichekesho mezani. Tusipocheka, anasusa chai."

Mimi alinijaribia kwa simu. Hakuna salamu, hakuna utangulizi. Nikicheka, kinaingia kwenye kipindi. Nisipocheka, kapuni. Na ilikuwa mwiko kuuliza kama ni utani. Alisema ukiuliza, umekiua.

Jumanne akapiga. "Ndugu yangu, kifua kinabana. Mkono wa kushoto umegoma, wa kulia ndio huu umeshika simu."

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Nikamwambia, "Safi, ila ni kirefu. Rudia."

Akarudia, taratibu, akihema. Nikamwambia, "Hapo sasa! Hiyo pumzi usiibadilishe." Halafu kimya. Nikajua amekata, nikaandika maneno yake kwenye daftari.

Mkewe alirudi kutoka kazini saa saba mchana, akamkuta sakafuni jikoni. Daktari alisema angewahishwa, pengine angepona. Pengine. Neno hilo silali nalo.

Msibani mkewe aliniuliza, "Shemeji, simu ya mwisho alikupigia wewe. Alisema nini?"

Nikamweleza yote.

"Ukacheka?"

"Nilicheka, shemeji."

Kisha akasema, "Kusamehe sijaweza, usinisukume. Nenda kaseme redioni. Walizoea kuwasikia wawili, waambie kwa nini sasa ni mmoja."

Basi nimesema. Shemeji, wanangu, poleni sana. Mungu awape nguvu, maana mimi sina cha kuwapa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mtu wako akikwambia anaumwa, muulize kama ni kweli. Muulize hata kama ni mchekeshaji, hata kama atakucheka mwaka mzima. Mimi Jumanne nilikuwa na muda wa kuuliza. Nilimsikia mwenzangu akikata roho, nikawa namsahihisha.