Mkwanda wa Tatu na Mstari wa Makote

Sadallah, umeanza kutikisa kichwa na karatasi haijafunguliwa, basi kitulize, kwa sababu tarehe zitakazosomwa hapa kizingitini zimetoka katika daftari la ubatizo na barua za boma, si midomoni mwa wanunuzi wa korosho, na asiyeamini aende Chiwata kwa miguu akaulize.

Marehemu Stefano Mkwanda, ambaye jeneza lake liko hapa uani, alizaliwa Makote, Newala, tarehe 26 Desemba 1907, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, akiwa mtoto wa kwanza wa Mama Anjelina, wa pili akiwa Magdalena, mnayemwita Mama Walter, ndiye anayewasomea. Alisoma shule ya misheni Chiwata kuanzia 1917 hadi 1922, akaishia darasa la nne, dada yake naye akaishia hapohapo, ila mwandiko wa dada ulikuwa mzuri zaidi. Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa mnyapara wa barabara pale Nanganga, akaifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitano, na tarehe 6 Juni 1934 alifunga ndoa na Emilia, binti wa mwalimu Cuthbert, wakajaliwa watoto wanne, wawili wametangulia, waliobaki ni Petro na Julia, wale pale.

Sasa ni habari ya kiti, na wazee mlioketi humo ndani tegeni masikio. Mwaka 1929 boma lilimwandika mkuu wa ukoo wetu, Mzee Abdulkadiri Mkwanda, mwenye miaka sitini na mitano, kuwa mjumbe wa Makote katika baraza la Newala, alipofariki 1938 mpwa wake Safari alirithi jina, akavishwa kanzu, akashikishwa fimbo, na barua ya baraza, ile ya kumwita mjumbe kikaoni, ilipokuja kwa jina la Mkwanda akaipokea, naye Safari alipofariki 1951 marehemu Stefano, mtoto wa dada yake Safari, aliacha barabara akafanya vilevile, watu watatu, jina moja, na hakuna mtu wa Makote aliyeulizwa kama anawataka.

Tarehe 14 Machi 1955 Bwana Shauri, afisa wa boma, alikuja Makote kutangaza kwamba sasa wajumbe watachaguliwa, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye, akafungua daftari, akahesabu kwa vidole, akamtazama marehemu, akasema, "Mkwanda, hapa una miaka tisini na mmoja, umepandaje mlima huu kwa baiskeli?" Sadallah, mnunuzi wa korosho aliyekuwa akikitaka kiti hicho, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Marehemu angeweza kunyamaza, lakini alijibu, "Bwana, huyo wa daftarini amekufa, aliyemfuata naye amekufa, mimi ni wa tatu, na hakuna aliyenichagua." Akafutwa daftarini palepale mbele ya watu, akasimama kugombea kama wengine, na mstari wa Sadallah ukawa mrefu, wanaume watupu, maana wanawake walikuwa wameshuka bondeni kuteka maji tangu alfajiri. Marehemu aliomba wangojwe, wakangojwa hadi saa saba, jua kali, ndipo wakatokea wakipanda mteremko na madebe kichwani, wakasimama nyuma ya mtu aliyekuwa akidai maji barazani kwa miaka minne. Sadallah akapiga kelele, "Madebe hayachagui mtu!" na Mama Regina, bila kulitua lake, akamjibu, "Haya, leo kanywe mstari wako!" Marehemu alishinda kwa watu kumi na mmoja.

Mwezi Agosti mwaka huu kifua kilimbana, akabebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni, na tarehe 7 Oktoba alimwita dada yake pamoja na Walter, mpwa wake, akasema, "Jina mpeni Walter, ni haki yake, lakini barua ya baraza msimpe kabla wanawake hawajarudi kutoka majini." Walter aliinamisha kichwa. Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1960, saa tatu asubuhi.

Na leo, kaburi halijapata mtu, Walter huyo, anayempimia Sadallah korosho huko Nanganga, ameketi humo ndani na wazee, kanzu na fimbo viko mkekani, sukari ya chai ameleta Sadallah, na shauri lenu ni kwamba jina na barua vitolewe pamoja kabla ya saa sita, wanawake wakiwa bado bondeni kuteka maji ya msiba, ili Alhamisi aingie barazani kwa barua hiyo, bila kuchaguliwa. Mama yake angefurahi kumwona barazani, ni yeye aliyemzaa, lakini akiingia hivi hatakuwa mjumbe wa Makote, atakuwa mizani ya Sadallah.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliochimba kaburi, wanawake walioleta maji ya kumwosha, hata aliyeleta debe moja, wajumbe wenzake wa Newala, wenzake wa barabara waliotoka Nanganga, na Sadallah kwa sukari. Pumzika kwa amani, kaka Stefano, sisi tuliobaki hatujaipata.

Walter, kanzu na fimbo ni vyako, vivae. Barua anayo mama yako, anatoka nayo uani akangoje madebe, na ukimtaka utaufungua mwenyewe mlango huu, kwa sababu yeye anaufunga.